Kazi ya uuzaji inahama, na mimi ni mmoja wa wanaoihamisha

Nilikuwa nimezama katika programu ya wauzaji, kazi iliyonitoa jasho na mwishowe ikaninyima usingizi, na ndiyo sababu ya makala haya. Kila nikikutana na wenzangu tuliosoma nao sayansi ya tarakilishi chuoni, mazungumzo huishia pale pale: ni kazi gani itakayomezwa kwanza na mashine? Wengi hujibu bila kufikiri, ya muuzaji. Hata mimi nilikuwa nikijibu hivyo. Nilidhani muuzaji ni mtu anayebeba habari kutoka kiwandani hadi dukani, kisha anabeba oda kutoka dukani hadi kiwandani. Kama kazi yenyewe ni kubeba habari, rununu inatosha.

Sasa sina uhakika huo tena, na nitaeleza kwa nini.

Miaka miwili iliyopita kampuni moja ya usambazaji hapa Nairobi (jina nitaliacha) ilitupa kazi. Ilikuwa na wauzaji 14 wanaozunguka madukani upande wa Eastlands: Kayole, Dandora, Umoja, Kariobangi. Bidhaa zao ni zile za kila siku, sabuni, unga, mafuta ya kupikia, majani chai, viberiti. Muuzaji akifika dukani aliandika oda kwenye kitabu chenye karatasi za nakala, jioni akakirudisha bohari, karani akaingiza kila kitu kwenye tarakilishi, na kesho yake gari likapeleka mzigo. Makosa mengi yalizaliwa pale kwa karani, maana mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amesimama juani, kitabu kimeegemea ukuta, si mwandiko wa kusomeka. Katoni 4 zilikuwa 9, sabuni ya kipande ikawa sabuni ya unga.

Tukaandika programu ya rununu. Muuzaji anachagua bidhaa, oda inafika bohari papo hapo, na simu inatuma mahali alipo pamoja na saa. Mwenye duka analipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa kuweka namba ya siri unajitokeza wenyewe kwenye simu yake. Jambo hili limekuwa rahisi tangu Safaricom walipofungua Daraja mwaka 2017; kabla ya hapo, kuunganisha programu yako na M-Pesa ilikuwa shughuli ya kumwombea adui. Baadaye tukaongeza njia ya mwenye duka kuagiza mwenyewe bila kumngoja mtu yeyote. Katika miezi michache oda nyingi za kawaida zikawa zinakuja hivyo, saa tatu usiku, duka likiwa limefungwa na mwenyewe akihesabu pesa.

Sitajifanya kwamba hilo ni baya. Kuchukua oda ilikuwa sehemu ya kijinga kabisa ya kazi ile, na ilistahili kufa. Kuna maduka ndani ya vichochoro vya Kayole ambayo hakuna muuzaji aliyekuwa akiyafikia, kwa sababu pikipiki haipiti au kwa sababu oda zao ni ndogo. Leo yanaagiza. Tena programu iliwanasa wajanja. Nyote mliowahi kufanya kazi dukani mnajua mchezo wa mwisho wa mwezi: muuzaji amebakisha kidogo kufikisha kiwango chake, anamsukumia mteja mzigo asiouhitaji, anapata kamisheni yake, halafu wiki ya pili mzigo unarudishwa. Kwenye karatasi mchezo huo ulifichika. Kwenye hifadhidata unaonekana kama mlima unaopanda tarehe 28 na kuporomoka tarehe 8.

Taabu ilianza na ramani.

Waliosoma tarakilishi wanalijua tatizo la muuzaji msafiri. Una miji kadhaa, unataka kuipitia yote na kurudi ulikoanza kwa njia fupi kuliko zote. Likielezwa linaonekana kama chemshabongo ya watoto. Ukiwa na vituo 10 kuna njia 181,440 za kuzunguka. Ukiwa na vituo 20 kuna njia 60,822,550,204,416,000, na hapo hata mashine yako mpya haiwezi kuzijaribu moja moja. Mwaka 1954 Dantzig, Fulkerson na Johnson walitatua mfano wa miji 49 ya Marekani, na ikawa habari kubwa katika hisabati. Siku hizi tuna mbinu za kukaribia jibu ndani ya sekunde chache, na mimi, kijana mwenye shahada, nilifurahi mno kupata mahali halisi pa kutumia kitu nilichofundishwa darasani. Kila asubuhi programu ilimpangia kila muuzaji ruti yake. Wauzaji 13 waliifuata, wengine kwa kunung'unika.

Wa 14 hakuifuata. Wenzake walimwita Mzee tu, nami nitamwita hivyo. Amevuka miaka hamsini, na aliuza kwa miguu kabla M-Pesa haijazinduliwa mwezi Machi 2007, enzi ambapo mauzo ya siku yalitembezwa mtaani ndani ya soksi. Nyayo zake kwenye ramani zilikuwa kama kuku aliyetoroka: anapita maduka mawili bila kusimama, anaingia la tatu, anarudi la kwanza baada ya saa tano. Nilidhani GPS ya simu yake imeharibika. Nikaomba nitoke naye siku mbili nione hitilafu iko wapi.

Duka la kwanza tulilipita. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hili tumeliruka?"

"Huyu asubuhi hana pesa, kijana. Anauza mkate na maziwa, na pesa ya mkate inaondoka na mtu wa mkate. Turudi saa kumi, utaona."

Tulirudi saa kumi na alilipa deni la wiki iliyopita lote. Duka jingine alilipita kwa sababu siku hiyo mwenyewe alikuwa na zamu ya kupeleka mchango kwenye chama, na Mzee hakutaka kumweka kwenye aibu ya kuchagua. Jingine tulikwenda mapema mno, kabla hajafungua vizuri, kwa kuwa muuzaji wa kampuni pinzani hufika saa nne. Nilikaa kwenye jiwe nje ya duka hilo nikitazama simu yangu, ambapo ruti yangu nzuri fupi ilikuwa inang'aa kwa rangi ya samawati. Hesabu ilikuwa sahihi. Swali ndilo lilikuwa la mtu asiyejua biashara. Nilipunguza kilomita, na kilomita hazikuwa shida ya mtu yeyote isipokuwa mimi.

Lakini kilichonibadilisha zaidi kilitokea siku ya pili, huko Umoja. Tuliingia duka la mama mmoja aliyekuwa mteja mzuri kwa miaka mingi. Baada ya salamu na kuulizana habari za mguu wake unaomsumbua, akaagiza katoni nne za mafuta ya kupikia, kwa mkopo. Nilishakaribia kumbonyezea Mzee kitufe. Yeye alikuwa anatazama rafu. Pakiti zote zilikuwa zimevutwa mbele, ukutani kabisa, na nyuma yake hakuna kitu. Kwa mteja anayesimama nje duka linaonekana limejaa.

"Mama," akasema taratibu, "chukua moja kwanza. Tukionana Alhamisi tutaongeza."

Yule mama alikunja uso, kisha akakaa kwenye kreti na kusema ukweli. Alikuwa amehamishia pesa za duka kwenye karo, na mkopo mwingine wa kwenye simu ulikuwa unamkaba. Walikaa wakapanga: deni la zamani lilipwe kidogo kidogo kila Alhamisi, mzigo mpya uwe ule unaotoka haraka tu. Ilichukua dakika 22. Najua zilikuwa 22 kwa sababu programu yangu ilizihesabu. Iliandika: ziara moja, dakika 22, oda katoni 1. Kwa hesabu niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hiyo ilikuwa miongoni mwa ziara mbovu zaidi za juma lile.

Hapa ndipo pananiuma. Kampuni ilikuwa imeshatuomba ripoti ya kupanga wauzaji kuanzia wa juu hadi wa chini, kwa oda ngapi kwa ziara ngapi, kwa kuwa sasa maduka mengi yanajiagizia na ofisi ilitaka kupunguza watu wanne. Mzee alikuwa wa 12. Mimi nilikuwa nimeshaituma ripoti ile. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua kipimo hicho. Nilikichagua kwa sababu data zake zilikuwa karibu na zilikuwa safi.

Niliporudi nikaomba ofisi inipe madeni. Nikaongeza safu moja tu kwenye jedwali: katika mzigo uliotolewa kwa mkopo, ni kiasi gani kililipwa ndani ya siku 14. Mzee akaruka kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3. Nikapeleka ripoti mpya, nikaeleza, nikabishana kidogo, nao wakasikiliza kidogo. Badala ya wanne wakaondolewa wawili. Mmoja alikuwa dada wa Dandora ambaye sikuwahi kutoka naye hata siku moja. Huenda kweli alikuwa hafanyi kazi. Huenda naye alikuwa na jambo analolifanya ambalo halikuwa na safu kwenye jedwali langu, na hakupata bahati ya kuwa na nyayo za ajabu za kumfanya kijana wa programu atoke ofisini. Sijui, na siwezi tena kujua.

Kuna wasomaji watakaosema hayo ni mambo ya meneja, wewe umeandika msimbo tu. Sikubali. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale uamuzi huo unapomgusa kwa uzito. Wanasheria watabishana: meneja akitia sahihi chini ya orodha iliyotoka kwenye tarakilishi, je, bado ni mashine peke yake? Kwa maoni yangu, kama meneja hawezi kueleza kwa nini fulani ni wa 12 bila kunipigia mimi simu, sahihi yake ni pambo.

Basi, turudi kwenye swali la mwanzo, muuzaji anakwenda wapi?

Watu husahau kwamba uuzaji ulifanywa programu kabla ya tarakilishi kuwepo. John H. Patterson, aliyeanzisha kampuni ya National Cash Register huko Dayton, Ohio, mwaka 1884, aliwataka wauzaji wake wakariri maneno ya kumwambia mteja, neno kwa neno, hadi na mahali pa kusimama na kuonyesha kidole. Kila muuzaji akawa anaendesha maandishi yale yale. Makampuni ya bima na ya simu yaliyofuata yaliiga mtindo huo, na ukipigiwa leo na mtu anayekuuzia kifurushi utasikia kabisa kwamba anasoma. Kazi ya aina hiyo inaondoka na sioni cha kuizuia. Tangu ChatGPT ilipotoka mwezi Novemba 2022, mashine inaweza kusoma maandishi hayo kwa sauti nzuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, usiku na mchana, bila kuomba nauli. Kama kazi yako ni kurudia sentensi ulizoandikiwa na mtu mwingine, tafuta nyingine sasa hivi, ukiwa bado na mshahara.

Lakini tazama kinachotokea upande wa anayepokea. Mwenye duka niliyemtembelea mwezi uliopita alinionyesha WhatsApp yake. Ujumbe wa mauzo kutoka kwa wasambazaji, mawakala wa mikopo, watu wa solar, watu wa mashine za kutoa risiti za KRA. Yote imeandikwa vizuri, ina heshima, inamtaja kwa jina. Zamani ujumbe ulioandikwa vizuri ulikuwa dalili kwamba mtu amekaa chini akakufikiria. Leo unatengenezwa kwa elfu moja kwa dakika, kwa hiyo hauna maana yoyote. Anaufuta bila kuusoma. Ila Mzee akisimama mlangoni, anaweka kando anachofanya.

Kwa hiyo nabashiri hivi, na mnaweza kunicheka baadaye: wauzaji watapungua, na watakaobaki watakuwa wale wanaojua kukataa oda. Watafanana zaidi na afisa wa mikopo na msuluhishi kuliko mtu wa kusifia bidhaa. Watakuwa wa kuleta habari mbaya, kwamba bei imepanda, kwamba mzigo umechelewa, kwamba kampuni imekosea, maana hakuna anayetaka kuambiwa hayo na roboti. Na watahitaji kujua lahajedwali. Hili nawasisitizia vijana wanaoanza. Dada wa Dandora hakuwa na namba za kujitetea nazo. Zilikuwa kwangu.

Wale waliodhani programu peke yake ingetosha wameshatupa mafunzo ya bei ghali. Copia, iliyokuwa ikiwafikishia watu wa mashambani bidhaa kupitia mawakala wa madukani, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Mei 2024. Wasoko, iliyoanza kwa jina la Sokowatch na kuahidi kulipelekea duka dogo bidhaa kwa kubonyeza simu, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka huo huo. Sababu ni nyingi, mitaji ya wawekezaji ilikauka kila mahali, wala sitaki kujifanya mtaalamu wa vitabu vyao vya hesabu. Ninachosema ni kwamba kupeleka katoni mbili za sabuni kichochoroni ni gharama, simu iwe nzuri namna gani, na mkopo kwa mtu usiyemjua ni gharama kubwa zaidi. Mzee alikuwa anapunguza gharama hiyo ya pili kila siku, na hakuna mstari wowote wa vitabu uliokuwa unaionyesha.

Jambo la mwisho ndilo ambalo bado tunabishana ofisini. Mzee ana daftari. Si lile la oda, ni lake mwenyewe, lenye jalada jeusi lililofungwa kwa mpira. Ndani yake kuna kila duka: siku ya chama, mwezi wa karo, nani hulipa akiona mtu na nani hulipa akiachwa, mume gani hapaswi kujua kuna deni. Ni miaka mingi ya kutembea. Kampuni inataka yaingizwe yote kwenye hifadhidata ili akili bandia ijifunze, imshauri muuzaji yeyote mpya, hata kijana wa wiki moja. Kiufundi ni kazi ya mwezi mmoja kwangu. Nimeikataa mpaka mambo mawili yajibiwe. Wenye maduka walimwambia Mzee, hawakuiambia kampuni. Nani atawauliza kama wanakubali? Na Mzee mwenyewe, daftari likishaingia kwenye mashine, atabaki na nini mkononi siku watakapotengeneza orodha nyingine?

Nilimweleza mpango huo tukiwa tunakunywa chai kwenye kibanda karibu na steji, nikitarajia akasirike. Hakukasirika. Alikoroga chai yake, akauliza, "Na wanalinunua bei gani?"

Swali hilo nimelipeleka ofisini kama lilivyo, kwa barua pepe, mistari miwili. Hii ni wiki ya tatu na sijajibiwa.